Ugomvi Wenye Adabu: Safari ya Endasak na Mashamba ya Ngano

Barabara itokayo Babati kwenda Singida haina haraka ya kumwonyesha msafiri mlima. Kwanza inaliacha Ziwa Babati na viboko wake, inapita katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi, inafika Dareda ambako ukuta wa Bonde la Ufa umesimama upande wa kulia kama mzee aliyegoma kupisha njia. Hapo ndipo Hanang unapojitokeza mbele, mlima uliokaa peke yake, karibu mita 3,420 juu ya usawa wa bahari, wa nne kwa urefu Tanzania. Endasak iko njiani, kabla ya Katesh. Ni makao ya kata ambako basi husimama, hushusha abiria na magunia, likaondoka. Hakuna mnara wa kumbukumbu wala jumba la makumbusho ya amani. Nimeichagua kuwa kituo cha safari hii kwa sababu iko kwenye mshono. Upande wa juu, kuelekea Mbulu, ni nchi ya Wairaqw wakulima. Tambarare za kuzunguka mlima ni malisho ya kale ya Wabarbaig, tawi la Wadatooga. Babati ni kwa Wagorowa, na ukishuka kuelekea Singida unaingia kwa Wanyaturu. Ukiongeza Wahadzabe wa bonde la Yaeda na Wasandawe wa Chemba, unapata eneo ambalo wanaisimu hulitaja kila mara, kwa kuwa makundi yote manne makubwa ya lugha za Afrika yamekutana humo. Mahali kama hapa, kwa hesabu za wanaoandika kuhusu vita vya kikabila, pangekuwa pameungua zamani. Hapajaungua, na swali langu ni nani aliyekuwa akiuzima moto, na kwa maji gani.

Jibu la haraka tunalijua sote: Watanzania ni watu wa amani. Silikubali, si kwa kuwa ni uongo mtupu, bali kwa kuwa linafanya amani ionekane kama rangi ya ngozi, kitu ulichozaliwa nacho. Hoja ninayoifuata katika barabara hii ni nyingine. Kazi ya amani inayofanywa leo katika vijiji vya Hanang na Mbulu, ile ya mabaraza ya ardhi, ramani za malisho na hati za kimila, ni urithi wa watu waliodai haki yao kwa sauti kubwa bila kuinua silaha. Ni tunda la ugomvi, ila ugomvi wenye adabu. Na pale kazi hiyo inapoonekana kupwaya, mara nyingi ni kwa sababu imeuhifadhi utulivu wa wale waliotangulia na kuyasahau madai yao.

Tuanze na majina, maana njia hii imejaa majina yanayosema. Nje ya Manyara, Mbarbaig huitwa Mmang'ati. Asili ya neno hilo ni Kimaasai, na maana yake ni adui. Nchi nzima imezoea kuwaita raia wenzake maadui, bila chuki, kwa mazoea tu. Nalo jina Wambulu walilopewa Wairaqw ni la mahali lililogeuzwa kuwa la watu. Kisha kuna majina ya vijiji. Katika Kidatooga, Gida- hutangulia jina la mwanamume na Uda- jina la mwanamke. Kwa hiyo msafiri anaposoma Gidagamowd na Gidahababieg kwenye vibao, anasoma majina yenye umbo la majina ya wanaume, hata pale ambapo leo majembe ni mengi kuliko mifugo. Ardhi imebadili mikono mara nyingi katika miaka 100 iliyopita, Wairaqw wakishuka kutoka milimani kutafuta mashamba, Wabarbaig wakisogea mbele yao. Majina hayakusogea. Anayedhani kwamba uhusiano wa watu hawa umekuwa wa asali na maziwa hajasoma hata vibao vya barabarani.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta lenyewe. Kuwataja Wabarbaig katika habari ya harakati zisizo za mabavu, je, si mzaha? Hawa ndio watu ambao mwanaanthropolojia George Klima, katika kitabu chake cha 1970, alieleza desturi yao ya kumpa mifugo kijana aliyeua simba, tembo, au mtu aliyehesabiwa kuwa adui wa watu wao. Serikali ya kikoloni iliwaona kuwa tatizo la polisi. Mkuki wa Mbarbaig si pambo. Yote hayo ni kweli, na sioni sababu ya kuyapamba. Ila huyohuyo Klima aliandika jambo la pili ambalo wengi hawalinukuu. Mwaka 1964 alichapisha makala kuhusu baraza la wanawake wa Kibarbaig. Mwanamume akivunja haki za wanawake, hao hukusanyika, humsikiliza, humhukumu na kumtoza fahali. Akikataa, hawamgusi, bali humlaani, na jamii nzima humwepuka. Mume mwenye mkuki anatoa fahali wake kwa watu wasio na mkuki. Jamii hiyohiyo, basi, ilikuwa na maghala mawili, moja la chuma na moja la baraza. Kutotumia mabavu hakupimwi kwa mtu asiye na silaha, kwa kuwa huyo hana la kuchagua. Kunapimwa kwa yule aliyeuacha mkuki nyumbani ilhali anayajua matumizi yake.

Kwa Wairaqw ghala la pili ni la kale vilevile. Kuna wasiopenda kusikia kwamba mababu zao walijificha. Walijenga nyumba zilizozama ubavuni mwa mlima, paa likiwa udongo, ili mvamizi apite juu asijue kuna watu chini. Mimi naona hiyo ni akili, wala si woga. Na adhabu kubwa kwa mkosaji miongoni mwao ilikuwa kutengwa: hachangii maji na wenzake, hapewi moto, halimi pamoja nao, mpaka atakapojirudi. Mtafiti Katherine Snyder, aliyefanya kazi Mbulu, aliandika mwaka 2006 kuhusu maandamano ya akina mama wa Kiiraqw, wanaotoka nyumbani kwa pamoja jamii inapopatwa na janga au viongozi wanapopotoka, na wanaume wakaona aibu kuwazuia. Wanawake wa Kidatooga nao wana misafara yao ya sala na nyimbo, boma hadi boma, kumwomba Udameselgwa, mungu wa kike. Nasisitiza haya kwa sababu moja. Semina za amani hupenda kuanza na mwaka mradi ulipofika, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wakingojea karatasi za kubandika ukutani. Mwanamke wa Endasak anayesimama leo mbele ya mkutano wa kijiji na kusema shamba limemezwa hakufundishwa kusimama na mradi. Labda alifundishwa jina la kifungu cha sheria, na hilo nalo si dogo.

Lakini mila peke yake haitoshi kueleza. Baraza la wanawake lilimhukumu mume jirani, halikujua kumhukumu gavana. Kupeleka dai mbele ya mamlaka ya mbali, kwa maandishi, kwa majina, kwa tarehe, ni ufundi mwingine, na Kaskazini mwa Tanzania uliingia kwa njia inayojulikana. Novemba 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakurusha jiwe. Walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa fidia, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Ardhi haikurudi wakati huo. Kirilo alirudi na kuzunguka nchini akisimulia alichokiona, na simulizi hiyo ikaandaa uwanja ambao TANU iliukuta mwaka 1954. Septemba 1958, viongozi wa vyama vya uhuru walipokutana Mwanza na kuunda PAFMECA, umoja wa harakati za uhuru za Afrika Mashariki na Kati, waliandika kutotumia mabavu kuwa njia yao. Mbulu yenyewe ilitoa somo lake mwaka 1960. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Katika nchi nzima, wapiga kura wa hapa peke yao waliwaambia viongozi wa ukombozi kwamba hawajachaguliwa na mbingu. Walisema kwa karatasi. Sidhani kuna wilaya nyingine yenye kumbukumbu nzuri zaidi ya kukataa kwa heshima, na inashangaza jinsi isivyojivunia.

Kutoka Endasak barabara inaendelea Katesh, mji ambao nchi nzima ilijifunza jina lake kwa uchungu tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka mlimani. Ukiupita mji na kuelekea upande wa Basotu, nchi inafunguka ghafla. Hakuna miti mirefu, hakuna vilima vya kukatiza macho, na udongo ni mweusi. Ni udongo huo uliowaletea balaa wenye nao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kupitia NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, ikisaidiwa na Kanada, ilifungua hapa mashamba makubwa ya ngano. Yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa pamoja yalichukua ekari zipatazo 100,000. Kwenye ramani ya mpangaji yalikuwa sehemu ndogo ya wilaya. Kwa mfugaji yalikuwa moyo wake, kwa kuwa Mbarbaig hakulisha popote wakati wowote. Alikuwa na malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na tambarare za udongo mweusi zilikuwa na nyasi bora kwa msimu wake. Ukimnyang'anya mtu chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vinne, na chumba hicho ndicho jiko, hesabu ya robo haikusaidii kuelewa alichopoteza.

Wala haikuwa nyasi tu. Wabarbaig humzika mzee mwenye heshima kwa kumjengea bung'eda, kaburi la udongo linaloinuliwa kama kichuguu kirefu, katika maziko yanayochukua miezi, kwa gharama ya ng'ombe wengi, na ukoo hurudi hapo kusali. Makaburi hayo yalikuwa katika tambarare zilezile. Matrekta yaliyapita. Njia za kuelekea kwenye maji na chumvi zilifungwa, na aliyekatiza shambani na ng'ombe alishtakiwa kwa uvamizi wa ardhi ambayo babu yake amelala ndani yake. Huu ndio wakati ambao, kwa mujibu wa sifa yao, mikuki ilipaswa kutembea. Mwaka 1981 walikwenda mahakamani. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 wakashinda. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu. Sababu zake bado zinawasha. Kijiji, ilisema, hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa taratibu za sheria. Na wadai mmoja mmoja hawakuthibitisha kwamba ni wazawa, kwa maana ile ya kisheria inayompa mtu haki ya ardhi ya kimila. Mbarbaig wa Hanang alitakiwa kuthibitisha mbele ya mahakama ya Tanzania huru kwamba ni mzawa, na hakuweza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kudhani hilo linahitaji shahidi.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1988 ikafunguliwa kesi nyingine, dhidi ya NAFCO na shamba la Gawal. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ikatoa amri za kufuta haki za kimila za ardhi katika maeneo ya mashamba, yaani ilibadili kanuni za mchezo mpira ukiwa uwanjani. Wazee wakaandika barua ya wazi kwa watu wa Kanada, kwa hoja rahisi: mkate mnaodhani mnatusaidia kuupata umeota juu ya makaburi yetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema Waswahili, ila hii ilimshtua. Habari ilienea Kanada, wafadhili wakaanza kuulizwa na watu wao wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ikaunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Mtafiti Charles Lane, aliyekaa na Wabarbaig na kuwasaidia kupaza sauti, alikusanya habari yote katika kitabu mwaka 1996.

Sasa pingamizi zito zaidi, na sitalikwepa. Walishindwa. Mashamba yalilimwa. NAFCO ilipokuja kuvunjwa, sehemu ya ardhi ilirudi kwa wananchi na sehemu ikabaki kwa wawekezaji, na nyingine iliyorudi haikurudi kwa walewale walioipoteza. Kama miaka kumi na zaidi ya kesi, barua na tume ilileta hayo tu, kwa nini mtu asiseme kwamba adabu ni anasa ya walioshiba? Methali yetu wenyewe inashauri: mwenye nguvu mpishe. Nadhani kosa la hoja hii ni kupima harakati kwa hukumu ya siku moja, kama vile mkulima angepima mvua kwa ndoo aliyoiacha nje. Kesi ya Mulbadaw ilifanya kitu ambacho ushindi usingefanya kwa uwazi kiasi kile: ilionyesha kwamba sheria ya Tanzania haikumlinda mtu mwenye ardhi ya kimila hata kidogo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyozunguka nchini mwaka 1991 na 1992, ilikutana na malalamiko ya namna hiyo kila ilikokwenda. Kisha likaja pigo kutoka kwa majirani. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, Wairaqw wa upande wa Mbulumbulu, waliipinga sheria ya 1992 iliyokuwa imefuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiongoza, ilisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na mali inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Mahakama ileile iliyomuuliza Mbarbaig kama ni mzawa. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na hii ya pili ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati ya Serikali.

Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine kama mama na mtoto. Nasema kwamba mikuki isingezaa hata kimoja kati ya hayo, na hili tunalijua kwa sababu jaribio la upande wa pili lipo. Wabarbaig wengi waliobanwa Hanang walihama na ng'ombe wao kwenda kusini, Kilosa, Usangu, Rufiji, nchi ambazo hakuna aliyewajua na ambako walifika kama wageni wenye mifugo mingi. Huko hakukuwa na majina yao kwenye vibao, wala majirani waliozoea kugombana nao kwa utaratibu. Tarehe 8 Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji wilayani Kilosa ulilipuka katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, na watu 38 wakauawa. Wafugaji waliohusika walikuwa Wamaasai hasa, wala sikusudii kuwabebesha Wabarbaig damu isiyo yao. Ninachosema ni kwamba wilaya ile ilikuwa imejazwa na watu waliosukumwa kutoka kwingine, na ugomvi wao haukuwa na baraza. Hapa nakiri jambo linaloipunguzia hoja yangu utamu: sehemu ya utulivu wa Hanang ilinunuliwa kwa kuhamisha tatizo. Amani ya wilaya moja inaweza kuwa ajali ya wilaya nyingine iliyocheleweshwa. Anayepongeza Endasak bila kutazama Kilosa anahesabu mavuno na kuacha deni.

Turudi kwenye kazi ya leo. Msafiri asiyejua pa kutazama hataiona, kwa sababu ni kazi isiyo na sherehe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata nalo limeondolewa uamuzi wa migogoro ya ardhi na kubakizwa na usuluhishi. Kwa kawaida mgogoro haupokelewi na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka kata ieleze kwamba imeshindwa kupatanisha. Pengine waliotunga kifungu hicho walikuwa wakifikiria msongamano wa kesi. Kwa vyovyote, wamerudisha uzito wa jambo chini ya mti, mahali ambapo Wairaqw na Wadatooga walikuwa nalo siku zote. Kuna pia kazi ya ramani. Kijiji hukaa, wakulima na wafugaji pamoja, kikakubaliana hapa ni mashamba, hapa malisho, hapa njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji, kikaandika na kupata hati. Asasi ya Ujamaa Community Resource Team imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika mikoa ya kaskazini. Oktoba 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya haki miliki ya kimila ya jamii nzima, ya kwanza ya aina yake nchini, juu ya eneo lililozidi hekta 20,000. Watu ambao kila mtu alikuwa akiwasogeza, mkulima kwa jembe na mfugaji kwa ng'ombe, wakawa na karatasi ya kuonyesha. Ilikuja miaka 30 baada ya watu wa Mulbadaw kufungua kesi na kuambiwa karatasi yao haipo.

Wako watakaosema kwamba nachanganya mambo: mwanaharakati huwasha, msuluhishi huzima, na kuwaita ndugu ni kuharibu kazi ya wote wawili. Pingamizi hili lina heshima yake, na ofisini ndilo linalotawala. Miradi ya amani hupewa fedha kwa masharti kwamba isiguse siasa, na siasa, kwa lugha ya masharti hayo, ni kuuliza nani alipewa shamba lipi. Matokeo yake ni mikutano ambapo mkulima na mfugaji wanafundishwa kuvumiliana juu ya kipande kilichobaki, huku kipande kilichochukuliwa hakitajwi. Mfugaji anaombwa asiingize ng'ombe shambani, na ni haki aombwe. Lakini msuluhishi asiyeweza kusema kwamba njia ya ng'ombe ililimwa mwaka fulani na fulani hasuluhishi, anabembeleza. Watu wa Hanang walikuwa na neno la hilo kabla ya sisi wote: katika baraza lao, mwenye kosa hutoa fahali kwanza, kisha watu hula pamoja. Mpangilio huo ndio urithi. Anayetaka nyama ya upatanisho bila kumtaja mwenye fahali atakula peke yake.

Lipo pia tatizo la mabaraza yenyewe, nami sitaki yapite bila kuguswa kwa kuwa tu nimeyasifu. Usuluhishi wa chini ya mti una tabia ya kumwelemea mnyonge. Mjane hushauriwa akubali nusu ya shamba la marehemu mumewe ili ukoo usigawanyike, na kijana asiye na ng'ombe huambiwa anyamaze wazee waseme. Sheria ya watu saba na watatu ilitungwa kwa sababu hiyo, na kuna vijiji ambako watatu hao ni majina kwenye daftari. Ila dawa yake sioni kama ni kuyavunja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: baraza lenye kasoro ambalo mjane anaweza kulikatalia na kwenda wilayani ni bora kuliko mzee mwenye sauti nzito asiye na pa kukatiwa rufaa. Na tena wanawake wa hapa wana mfano wao wa kudai, wa kale kuliko sheria na mkali kuliko semina. Anayetaka watatu wale wawe watu badala ya majina angeanza na swali ambalo baraza la wanawake wa Kibarbaig liliuliza siku zote: nani amevunja, na atatoa nini?

Barabara ya kurudi Babati inapita tena Endasak, mlima sasa ukiwa nyuma. Kwa msomaji atakayeifuata njia hii, namsihi asiishie Katesh, aende mpaka tambarare za Basotu, asimame mahali palipolimwa, kisha atafute hukumu mbili. Ya Mulbadaw iko katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1985, ukurasa wa 88. Ya Lohay Akonaay iko katika zile za 1995, ukurasa wa 80.